Kitui na Makueni ndani ya shilingi moja

Januari 2024 dola ya Marekani ilivuka shilingi 160. Mwezi huohuo msimu wa maembe ulikuwa umepamba moto Makueni, na kule Kitui wakulima walikuwa wakivuna ndengu za mvua za vuli. Kwa hesabu za darasani, huo ulikuwa wakati wa neema: sarafu ikishuka thamani, mwenye bidhaa inayouzwa nje hupata zaidi. Ndengu za Kitui hutafutwa hadi na wanunuzi wa India, na maembe ya Makueni hufika nchi za Ghuba. Mbona basi neema hiyo haikufika shambani?

Jibu la haraka ni kwamba embe la Makueni huuzwa kwa shilingi kabla halijanusa dola. Sehemu ndogo tu ya maembe ya Kenya huvuka mpaka. Mengine yote huenda Nairobi na Mombasa, au huharibika njiani. Broka hufika na lori, akanunua kwa tunda au kwa mti mzima, na bei yake huongozwa na wingi wa maembe yaliyoiva wiki moja. Kiwango cha dola Nairobi hakimhusu sana. Kati ya 2014 na 2021 Kenya ilikuwa imejizuia yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko likifungwa miaka saba halirudi kwa kupiga hodi mara moja. Kwa hiyo faida ya shilingi dhaifu, kama ilikuwepo, iliishia kwa msafirishaji.

Jibu refu linahitaji tuzitazame kaunti hizi mbili kama nchi ndogo zinazotumia sarafu ya wengine. Si mzaha. Kwa ukubwa wa ardhi Kitui, yenye kilomita za mraba 30,000 na ushei, inaipita Rwanda. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Estonia, iliyojiunga na euro Januari 2011, mgogoro wa sarafu hiyo ukiwa umeshika kasi, ina watu kama milioni 1.3. Tofauti ni kwamba Estonia ina kiti katika Benki Kuu ya Ulaya na inaweza kuuza hatifungani zake yenyewe. Kaunti ya Kenya haina lolote kati ya hayo. Kifungu cha 231 cha Katiba kimeweka sarafu mikononi mwa Benki Kuu peke yake, na Kifungu cha 212 kinasema kaunti haikopi mpaka serikali ya kitaifa iidhamini na Bunge la Kaunti likubali. Inachopewa badala yake ni mgao: Kifungu cha 203 kinazitengea kaunti zote pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge.

Ulaya ilitufundisha jinsi nchi ndogo inavyoteseka ndani ya sarafu ya pamoja. Aisilandi, yenye krona yake, iliiachia ianguke karibu nusu mwaka 2008. Bidhaa za nje zikawa ghali, lakini samaki wake na hoteli zake zikawa rahisi kwa wageni. Ayalandi haikuwa na mlango huo. Novemba 2010 ilikubali mpango wa uokoaji wa euro bilioni 85, ikapunguza mishahara ya serikali, ikaongeza kodi, na vijana wake wakapanda ndege kwenda Australia na Kanada. Ilitoka katika mpango huo Desemba 2013, mapema kuliko wenzake. Wako waliosema ni dawa chungu iliyoiponya. Mimi naona kilichoibeba zaidi ni viwanda vya dawa na kompyuta vilivyokuwa vimejengwa pale miongo miwili kabla, ambavyo viliendelea kuuza Marekani wakati benki za Dublin zimelala chali. Ugiriki ilikunywa dawa hiyohiyo, tena kwa vikombe vikubwa zaidi, na ukosefu wa ajira ulifika asilimia 27. Haikuwa na viwanda vya namna hiyo.

Turudi kwenye shilingi. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 113. Miaka miwili baadaye ilikuwa imepanda kwa zaidi ya asilimia 40. Sababu zilikuwa nyingi, kubwa kati yake hatifungani ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni 2024, ambayo kila mtu sokoni aliiona ikija na hakuna aliyejua italipwa kwa pesa zipi. Machi 2023 serikali iliingia mkataba wa kununua mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka kampuni za Saudia na Falme za Kiarabu ili kupunguza mbio za kusaka dola kila mwezi. Kamau Thugge alipochukua uongozi wa Benki Kuu katikati ya 2023, riba ya msingi iliendelea kupanda hadi ikafika asilimia 13 Februari 2024. Mwezi huohuo serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba inayokaribia asilimia 10 ili kununua sehemu kubwa ya deni la zamani, na nyumbani ikauza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46. Wawekezaji wa nje walirudi mbio. Ndani ya wiki chache dola ilishuka kuelekea 130, na hapo ikatulia.

Nairobi hayo yaliitwa kufufuka kwa uchumi. Kitui yalifika kupitia kituo cha mafuta. Septemba 2023 lita ya petroli ilifika shilingi 211.64 jijini Nairobi, na Oktoba ikawa 217.36. Mwingi na Kibwezi hulipa kwa kiwango chao, lakini lori linalobeba ndengu kwenda sokoni na saruji kurudi linatumia mafuta yanayonunuliwa kwa dola zilezile. Si shilingi peke yake iliyopandisha bei hiyo. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa imepandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwenye bodaboda pale Kyuso hana namna ya kujua ni shilingi ngapi kati ya alizotoa zimeliwa na dola na ngapi zimeliwa na Hazina. Halafu kuna riba. Benki ikiweza kuikopesha serikali kwa asilimia 18 bila kutoka ofisini, kwa nini imkopeshe mwenye duka la pembejeo la Wote? Tiba iliyoiokoa shilingi ilimnyima mikopo mtu ambaye hakuwahi kushika dola mkononi.

Kitui na Makueni ziliingia katika mgogoro huo zikiwa tayari hoi kwa jambo lisilohusiana kabisa na Benki Kuu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa au ikawa haba katika sehemu kubwa za maeneo kame ya Kenya, na kaunti hizi mbili zimo katika orodha ya 23 zinazofuatiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame. Mahindi yalinunuliwa badala ya kuvunwa, na mbuzi waliuzwa kabla ya wakati wao. Kisha mvua za El Niño za Oktoba hadi Desemba 2023 zikanyesha kupita kiasi, zikaharibu barabara na vivuko, lakini zikajaza mito ya mchanga na maghala. Mavuno hayo yalianza kuingia Januari na Februari 2024, majuma yaleyale ambayo shilingi ilikuwa ikijikwamua. Mfumuko wa bei wa nchi nzima, uliokuwa umepiga asilimia 9.6 Oktoba 2022, ulishuka hadi 2.7 Oktoba 2024. Sera ilijipatia sifa nyingi za kushuka huko. Ila ukiangalia familia ya Kitui hutumia kiasi gani cha pesa zake kwa unga, maharagwe na muthokoi, sehemu kubwa ya sifa hizo ni ya mawingu.

Wakamba, wenyeji wa kaunti hizi, wana kumbukumbu inayokaa vizuri kando ya takwimu hizo. Njaa zao zina majina, na ile ya miaka ya mwanzo ya 1980 inaitwa Nikw'a Ngwete: nakufa huku nimeshika pesa. Pesa zilikuwepo, chakula cha kununua hakikuwepo. Watu waliopitia hayo hawasadiki upesi kwamba sarafu imara ni sawa na hali nzuri.

Kuna kundi moja la Ukambani lililopoteza waziwazi shilingi ilipopata nguvu, nalo husahaulika katika makala za uchumi. Ni familia zenye binti au kijana anayefanya kazi Saudia, Qatar au Falme za Kiarabu. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola, riyali 3.75 kwa dola moja. Tuseme mtu anatuma riyali 1,000. Dola ikiwa 160, mama yake anapokea karibu shilingi 42,600. Ikiwa 130, anapokea kama 34,600. Shilingi elfu nane zinatoweka bila mshahara kukatwa na bila makosa ya mtu. Ni kweli bei za vitu zilipungua kasi, ila hazikurudi zilikokuwa 2022, na karo ya shule haijui habari za kiwango cha kubadilisha fedha. Nchi nzima ilipokea zaidi ya dola bilioni 4 kutoka kwa Wakenya walio ng'ambo mwaka 2023. Kiasi kinachoingia Kitui na Makueni hakitangazwi kwa kaunti, lakini mwenye kibanda cha M-Pesa sokoni ana picha nzuri kuliko mwanatakwimu.

Hapa nadhani tunafika kwenye kiini. Kwa uchumi wa kaunti, fedha za kigeni hasa ni shilingi za Nairobi. Kitui ina mizania yake ya malipo hata kama haijaandikwa popote: inauza ndengu, asali, mbuzi, vyondo na nguvu za vijana wake, inanunua mafuta, mabati, sukari, dawa na, mwaka wa ukame, mahindi. Mvua ikikosa, upande wa mauzo hunywea huku upande wa ununuzi ukivimba. Nchi yenye sarafu yake ingeona thamani ikishuka mpaka bidhaa zake ziwe rahisi tena. Kaunti haiwezi. Inachofanya ni kuuza ardhi yenyewe vipande vipande, kwa maana ya mchanga na makaa.

Mtazamo huo unatusaidia kuelewa mambo mawili ambayo Nairobi iliyaona kama ukorofi wa magavana. Mwaka 2015 Makueni ilitunga sheria yake ya uhifadhi na matumizi ya mchanga, baada ya miaka ya malori kukomba mito kwa ajili ya majengo ya jiji. Mapema 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka Kitui, lori likateketezwa, na mzozo na wafanyabiashara wa kaunti nyingine ukawaka. Wiki chache baadaye serikali ya kitaifa ikatangaza marufuku yake ya ukataji miti. Ukitumia kipimo cha biashara huria ndani ya nchi moja, hivyo ni vizuizi visivyofaa. Lakini mchanga ulio mtoni ndio tangi la maji la Makueni wakati wa kiangazi. Ukiuuza unapata shilingi leo, na mwaka wa ukame unazirudisha kwa mwenye lori la maji. Marufuku ya makaa ilikuwa na haki hiyohiyo na udhaifu mmoja mkubwa: iliondoa njia ya mwisho ya mtu maskini kupata pesa taslimu, na haikumpa nyingine kwa haraka.

Ngilu alijaribu kuziba pengo hilo kwa ndengu, ambazo kaunti iliwagawia wakulima mbegu zake, na kwa kiwanda cha nguo cha KICOTEC. Kiwanda hicho kilipata siku zake za fahari 2020, kiliposhona barakoa wakati nchi nzima inazihitaji na mipaka imefungwa. Ilikuwa bahati ya dharura, na soko la dharura huisha pamoja na dharura. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilijenga kiwanda cha kusindika maembe pale Kalamba, ili tunda lisilopata broka ligeuzwe rojo badala ya kuoza. Wazo la Kalamba naliona bora, kwa kuwa linaanza na kitu ambacho mkulima tayari anacho shambani. Hata hivyo kiwanda kinachofanya kazi msimu mmoja kwa mwaka na kutegemea bajeti ya kaunti kununulia matunda hakiwezi kuwa na nguvu kuliko bajeti yenyewe.

Na bajeti hiyo ndiyo sehemu ambayo mgogoro wa shilingi uliigusa kaunti moja kwa moja. Ulifika kwa sura ya kuchelewa. Mwaka 2023/24 kaunti 47 zilitengewa shilingi bilioni 385.4. Fungu la Kitui lilikuwa zaidi ya bilioni 10, la Makueni zaidi ya bilioni 8. Kwenye karatasi fedha hizo hazikupungua dola ilipopanda. Ila Hazina iliyobanwa na wadai wa nje ililipa kwanza deni la dola, kwa sababu kukosa kulilipa kungetikisa dunia, halafu mishahara ya serikali kuu, halafu kaunti zikasubiri. Magavana walilalamika mwaka nenda mwaka rudi kuhusu miezi inayopita bila mgao. Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya zaidi: maandamano ya Juni 2024 yalimlazimisha Rais William Ruto kuuondoa Mswada wa Fedha, na mgao wa kaunti uliokuwa umepitishwa kuwa bilioni 400.1 ukapunguzwa hadi bilioni 387.4. Vijana walishinda hoja ya kodi barabarani. Gharama yake ikagawiwa pia kwa zahanati za Mbooni na Mutomo.

Kuchelewa kwa fedha za umma hakuonekani katika kiwango cha dola, lakini kwa mji mdogo kuna uzito uleule wa benki kufunga milango. Kaunti ndiyo mwajiri mkubwa na mnunuzi mkubwa. Mwalimu wa chekechea asipolipwa, duka linakopesha. Mkandarasi asipolipwa, fundi wake anarudi kijijini. Mkandarasi akiwa amekopa benki kwa riba iliyopanda ili ajenge zahanati, nyumba yake inauzwa kwa mnada. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, zilionyesha madeni ya kaunti zote kwa wakandarasi na wauzaji yakipita shilingi bilioni 160, zaidi ya nusu yakiwa ya Nairobi peke yake. Ulaya, Mario Draghi, aliyekuwa rais wa Benki Kuu ya Ulaya, alisimama London Julai 2012 akaahidi kwamba benki yake ingefanya lolote kuilinda euro, na riba za Hispania na Italia zikaanza kushuka. Kaunti haina wa kuiahidi hivyo. Haiwezi hata kukopa ya kuvukia miezi miwili kwa urahisi, na mkopo wa muda unaoruhusiwa umezungushiwa masharti.

Kwa hiyo, nini kilizifanya kaunti hizi zisimame tena? Mvua, kama nilivyosema. Lakini mvua nyingi ikiporomokea mlima mtupu huondoka na udongo wake, na mafuriko ya 2023 na 2024 yameonyesha hivyo kwingi. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992, na wilaya hiyo katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiandika kama mfano wa ardhi iliyokufa. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha 1994 kitabu kilichoonyesha kinyume: kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na mavuno kwa kila mtu yakaongezeka pia, huku mmomonyoko ukipungua. Kazi hiyo ilifanywa na matuta ya fanya juu, yaliyochimbwa kwa majembe na vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, wengi wao wanawake, wakihamia shamba hadi shamba. Baadaye yakaja mabwawa ya mchanga. Kitui shirika la SASOL limesaidia vijiji kujenga mamia tangu miaka ya 1990. Upande wa Machakos na Makueni shirika la Utooni likafanya vivyo hivyo. Ukuta wa zege hukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, maji hukaa ndani ya mchanga mbali na jua.

Hiyo ndiyo akiba ya Ukambani, na haijapimwa kwa dola. Inafanana na viwanda vya Ayalandi kwa jambo moja tu: ilikuwepo kabla ya dhoruba, na ilijengwa katika miaka ambayo hakuna gazeti lililoandika kuihusu. Makueni iliongeza juu yake MakueniCare, mpango ulioanza 2016 ambao kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Kaya isiyouza mbuzi kumlipia mgonjwa inabaki na mbuzi wa kuuza wakati wa ukame. Nikilinganisha mipango ya kaunti hizi mbili, huo ndio naupa nafasi ya kwanza, mbele ya viwanda vyote, kwa kuwa ulipunguza haja ya kutafuta pesa taslimu badala ya kuahidi kuziongeza. Swali lililo mbele ni kama bima ya afya ya kitaifa ya SHA iliyoanza Oktoba 2024 itampa mkulima wa Nzaui ulinzi ule. Michango ya asilimia ya kipato ni rahisi kukata kwenye mshahara, na ni migumu kukusanya kwa mtu ambaye kipato chake ni maembe ya miezi mitatu.

Miradi mikubwa imekuwa na historia nyingine. Reli ya SGR inakatiza Makueni kupitia Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Ilijengwa kwa mikopo ya dola kutoka Benki ya Exim ya China, na ilipoanza kubeba makasha ilichukua wateja wa hoteli na gereji za barabara ya Mombasa. Watu wa Mtito Andei walipoteza biashara kwa reli, kisha wakashiriki kulipa deni lake kila shilingi ilipoteleza. Bwawa la Thwake, kwenye mpaka wa kaunti hizi mbili pale mto Thwake unapokutana na Athi, lilianza kujengwa 2018 kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tarehe za kulikamilisha zimetangazwa na kupita.

Yote haya yanazihusu pia nchi jirani. Novemba 2013 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini jijini Kampala itifaki ya sarafu moja, wakalenga 2024. Sasa lengo limesogezwa hadi 2031. Si jambo geni kwetu, kwani Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919 na shilingi yake ilitumika Kampala, Dar es Salaam na Nairobi mpaka nchi zilipofungua benki kuu zao 1966. Safari hii masharti ya kujiunga ni manne makuu: mfumuko wa bei usiopita asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyopita asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisilopita asilimia 50, na akiba ya fedha za kigeni ya miezi minne na nusu ya uagizaji. Burundi au Sudan Kusini ikiingia humo, itakuwa na kiti katika benki kuu ya pamoja, kitu ambacho Kitui haina, lakini haitakuwa na Kifungu cha 203 cha kuilazimisha Jumuiya iitumie mgao. Na hakuna sharti hata moja kati ya hayo manne linalouliza ni nani atalipwa kwanza siku hazina ya pamoja itakapokauka.